Uliza Fundi: Prosesa Ipi Ina Kasi, na Umeipimaje?

Mwezi huu karibu maswali yote yaliyofika mezani yanagusa jambo moja, kasi ya prosesa. Yaliyofanana tumeyaunganisha, marefu tumeyapunguza. Tuwekane sawa kwa maneno mawili kwanza. Kiini ni ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu yenyewe. Uzi ni foleni ya kazi ambayo kiini kinaihudumia, na viini vingi vya Intel na AMD huhudumia nyuzi mbili kwa pamoja.

SWALI: Habari za kazi wadau. Niko Kariakoo naangalia laptopu mbili za mtumba, bei moja. Moja ina Core i7-7500U, nyingine Core i5-8250U. Muuzaji ananiambia, "Kaka, i7 ni i7, hiyo nyingine ni ya wanafunzi." Nikiangalia maandishi, i7 ina gigahezi 2.7 na i5 ina 1.6 tu. Nichukue ipi? *Msomaji, Gongo la Mboto*

JIBU: Chukua i5, mradi hali ya mashine zote mbili inalingana. Hiyo i3, i5 na i7 ni daraja ndani ya kizazi kimoja, haivuki kwenda kizazi kingine. Kizazi kinasomwa baada ya kistari: 7500 ni cha saba, 8250 ni cha nane. Na hapo katikati ndipo Intel walipoongeza viini kwenye laptopu nyembamba. i7-7500U ina viini 2, nyuzi 4 na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 4. i5-8250U ina viini 4, nyuzi 8 na kashe ya megabaiti 6.

Ile 1.6 isikutishe. Hiyo ni kasi ya msingi, yaani kasi ambayo mtengenezaji anaiahidi viini vyote vikiwa kazini ndani ya wati 15. Kazi ikiwa ya kiini kimoja, i5 inapanda hadi 3.4 na i7 hadi 3.5. Kwa jicho hutaona tofauti. Lakini kazi ikigawanyika, kama kurenda video (kutoa faili la mwisho baada ya kuhariri) au kubana faili kubwa, i5 inaipita i7 hiyo kwa mara moja na nusu au zaidi. Haifiki mara mbili, kwa sababu wati ni zilezile 15 na sasa wanaogawana ni wanne. Juu ya hayo, orodha rasmi ya Windows 11 kwa laptopu za kawaida za Intel inaanzia kizazi cha nane, kwa hiyo i7 uliyooneshwa imebaki nje.

Gigahezi zinakuambia saa ya prosesa inapiga mara ngapi kwa sekunde. Hazikuambii kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo. AMD waliligundua hilo zamani: mwaka 2001 walitoa Athlon XP 1800+ iliyokuwa ikienda gigahezi 1.53. Jina lilibeba namba kubwa kuliko saa yenyewe, makusudi, ili wanunuzi wasiidharau mbele ya Pentium 4 ya Intel. Tabia ya majina kuchanganya watu haijaisha. Ryzen 5 7520U inaanza na 7, lakini ndani ina muundo wa Zen 2 wenye viini 4. Ryzen 5 7640U, ya mfululizo uleule wa 7000, ni Zen 4 yenye viini 6. Kwenye mfululizo huo tazama tarakimu ya tatu, hiyo ndiyo inayotaja muundo.

Kabla hujatoa hela, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji (Performance), gusa prosesa. Utasoma jina lake kamili, idadi ya viini, idadi ya nyuzi (tazama palipoandikwa Logical processors) na kasi ya msingi. Usiamini stika iliyo pembeni ya kibodi. Stika inabandikwa na yeyote. Na prosesa ya laptopu hizi imechomelewa kwenye bodi, ukikosea kuichagua huwezi kuibadilisha. Halafu omba uendeshe 7-Zip kutoka kwenye flashi yako. Ni programu ndogo, haihitaji intaneti, na ina kipimo ndani yake. Kwenye dirisha la amri andika `7z b`, kisha rudia kwa `7z b -mmt1` ili upate alama ya uzi mmoja. Inatoa namba mbili, ya kubana na ya kufungua. Kufungua kunategemea zaidi prosesa yenyewe. Kubana kunategemea sana kashe na kasi ya RAM. Ukikuta mashine mbili zenye prosesa moja, ya kufungua zinalingana ila ya kubana moja iko chini, iangalie RAM kabla hujailaumu prosesa.

SWALI: Shikamooni. Nina laptopu ya i5-8250U na nimeipima kwa Cinebench R23, programu ya kupima prosesa, mara tano mfululizo, viini vyote. Nimepata 3,410, halafu 2,780, 2,640, 2,655 na 2,630. Ipi ndiyo alama yangu? Au mashine ni mbovu? *Mwanafunzi, Ubungo*

JIBU: Marahaba. Alama yako ni kama 2,640. Ile 3,410 ni alama ya sekunde chache za mwanzo ikiwa imevaa nguo za safari ndefu.

Prosesa za laptopu zina vikomo viwili vya umeme. Kimoja cha muda mrefu, kwako ni wati 15. Kingine cha muda mfupi, ambacho kwenye laptopu nyingi za kizazi hiki kiliwekwa wati 44 kwa takriban sekunde 28. Kazi ikianza mashine ikiwa imepoa, prosesa inakopa umeme mwingi na kukimbia. Muda ukiisha inarudi kwenye 15. Jaribio la kwanza lilikula mkopo huo wote. La pili lilipata masalia. Kuanzia la tatu unaona mashine yenyewe: 2,640, 2,655, 2,630. Tofauti kati ya ndogo na kubwa ni alama 25, chini kidogo ya asilimia 1. Huo ni mtawanyiko mzuri.

Sasa angalia kosa ambalo wengi hulifanya. Wastani wa hizo tano ni 2,823. Hiyo ni alama ambayo mashine yako haijawahi kuitoa hata mara moja. Ukizipanga kwa ukubwa na kuchukua ya katikati unapata 2,655, ambayo inakaribia ukweli. Ndiyo maana kwenye vipimo tunachukua ya katikati, na jaribio la kwanza tunalitupa.

Kama ni mbovu au siyo, Cinebench peke yake haiwezi kukuambia. Washa HWiNFO, programu ya kusoma hali ya mashine, upande wa vihisio tu, uiache ikisoma wakati jaribio linaendelea, kisha tazama mambo mawili: joto la prosesa na wati inazokula. Wati zikitulia kwenye 15 na joto liko sentigredi 75 au 80, mashine ni nzima, inatii kikomo chake tu. Joto likigonga 95 hadi 100 na wati zikashuka chini ya 15, hapo upoozaji umeshindwa. Prosesa hii inajipunguza yenyewe inapofika sentigredi 100 isije ikaungua.

Tiba ya hiyo ya pili ni ya fundi yeyote makini. Toa mfuniko wa chini na uchomoe waya wa betri kwanza. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza vumbi, maana feni ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Legeza skrubu za kipoza joto kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni mwake, nyingi zina 1 hadi 4. Futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti ya isopropili, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mchele na uisambaze nyembamba ifunike kioo chote cha prosesa. Kwenye laptopu kioo hicho kiko wazi, hakina kofia ya chuma, kwa hiyo kona isiyopata pesti inaungua peke yake. Ukirudisha skrubu, zikaze kidogokidogo kwa mzunguko ule wa namba, si moja hadi mwisho ndipo uende nyingine. Kisha pima tena vilevile ulivyopima kabla. Bila namba ya kabla, huna namna ya kujua kama ulichofanya kimesaidia.

"Vilevile" ndiyo kazi yenyewe, hasa hapa kwetu. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi Februari Dar es Salaam kinaweza kuwa sentigredi 32, na ofisi ya Posta yenye kiyoyozi ikawa 22. Kwa wati zilezile, sentigredi 10 za chumba zinahamia karibu zote kwenye prosesa. Andika joto la chumba pembeni ya alama. Laptopu iwe juu ya meza ngumu, isiwe kitandani. Chaja iwe imechomekwa, betri iwe imejaa, na hali ya umeme iwekwe kwenye utendaji wa juu. Angalia pia chaja yenyewe: baadhi ya laptopu zikikutana na chaja zisiyoitambua, au ya wati 45 mahali pa 65, zinaishusha prosesa kimyakimya na betri haijai. Ukiona viini vyote vimeganda chini ya gigahezi 1 huku joto liko 50, badilisha chaja kabla hujafungua skrubu hata moja. Baada ya kuwasha, subiri dakika 10 Windows imalize shughuli zake, uhakikishe prosesa inapumzika kwa asilimia 2 au 3, ndipo uanze.

SWALI: Simu yangu mpya imepata alama ndogo kwenye Geekbench 6 kuliko ya dada yangu kwenye Geekbench 5, na yake ni simu ya zamani. Nimepigwa? *Msomaji, Tabata*

JIBU: Hapana, mmepima kwa mizani mbili, maana Geekbench ni programu ya kupima kasi na kila toleo lina mizani yake. Geekbench 5 iliweka alama 1,000 kuwa sawa na kompyuta yenye Core i3-8100. Geekbench 6 iliweka 2,500 kuwa sawa na yenye Core i7-12700. Isitoshe, toleo la 6 lilibadilisha jinsi ya kupima viini vingi: sasa viini vinashirikiana kazi moja badala ya kila kimoja kupewa nakala yake, kwa hiyo namba haipandi kirahisi kwa kuongeza viini. Wekeni toleo moja kwenye simu zote mbili. Mtego uleule upo kwa Cinebench R23 na Cinebench 2024.

SWALI: Narenda video za harusi hapa Sinza. Nimetoka kompyuta ya viini 4 nikanunua ya viini 8, nikitegemea dakika 12 ziwe 6. Zimekuwa 9. Nataka kununua ya viini 16, je, nitafika 5? *Msomaji, Sinza*

JIBU: Usinunue kwanza, kaa na kalamu. Kila kazi ina sehemu inayogawanyika na sehemu isiyogawanyika. Sehemu isiyogawanyika haijali una viini vingapi. Tuseme viini vya mashine zote mbili vina kasi moja. Ulipoongeza kutoka 4 hadi 8 uliokoa dakika 3. Kwa viini 4 sehemu inayogawanyika ilichukua robo ya muda wake wote, kwa viini 8 ikachukua thumuni. Tofauti ya robo na thumuni ni thumuni. Kwa hiyo thumuni moja ni dakika 3, na sehemu yote inayogawanyika ni dakika 24 kwa kiini kimoja. Toa dakika 3 hizo kwenye 9, zinabaki 6. Hizo 6 ndizo zisizogawanyika.

Sasa weka 16: 24 kwa 16 ni dakika moja na nusu, jumlisha 6, unapata 7 na nusu. Ukinunua viini elfu moja bado hutashuka chini ya 6. Hesabu hii inatokana na hoja aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967, na tangu hapo haijapata mjanja wa kuikwepa. Na tumekuwa wakarimu hapo, maana viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja kila kimoja hushusha kasi kidogo.

Kinachokufaa ni kujua hizo dakika 6 zinaishia wapi. Wakati unarenda, tazama kila uzi peke yake kwenye ukurasa wa utendaji, usitazame wastani. Kwenye mashine ya nyuzi 16, uzi mmoja ukiwa asilimia 100 na nyingine zinasinzia, wastani utaandika kama 6 na utadhani prosesa imelala. Hapo unahitaji kiini kimoja chenye kasi, si viini vingi. Nyuzi zote zikiwa zimelala, tazama diski: video ghafi zikisomwa kutoka diski ya nje ya kuzunguka, prosesa inangoja. Mwisho, hakikisha mpangilio wa kurenda ni mmoja kwenye mashine zote. Prosesa nyingi za Intel tangu 2011 zina sehemu maalumu ya kutengeneza video iitwayo Quick Sync. Mashine moja ikiitumia na nyingine ikatumia viini, hujalinganisha prosesa na prosesa.

SWALI: Ofisini tumepewa kompyuta mbili za majaribio kabla ya kununua nyingi. Nimepima kazi mbili. Ripoti ya Excel: A sekunde 20, B sekunde 10. Kubana kumbukumbu za siku: A sekunde 40, B sekunde 80. Mwenzangu anasema B ina kasi zaidi kwa asilimia 25, mimi hesabu yangu inasema A ndiyo ina kasi zaidi kwa asilimia 25. Nani kakosea? *Msomaji, Posta*

JIBU: Hesabu zenu zote ni sahihi, na zote hazifai. Mwenzako kaichukua A kuwa kipimo: B ina kasi mara 2 kwenye Excel na mara 0.5 kwenye kubana, wastani 1.25. Wewe umeichukua B kuwa kipimo, ukapata 0.5 na 2, wastani uleule 1.25. Wastani wa kawaida wa uwiano unampendelea aliyesimamishwa kupimwa, siyo aliyefanywa kipimo.

Ukitaka kujumlisha uwiano, zidisha halafu tafuta kipeuo: 2 mara 0.5 ni 1, kipeuo cha pili cha 1 ni 1. Zinalingana, na inabaki hivyo yeyote akiwa kipimo. SPEC, shirika lililoanzishwa mwaka 1988 kuweka vipimo vya kompyuta, linatumia njia hiyohiyo. Kipimo chao cha CPU 2017 kina programu 43, na kinatofautisha mambo mawili ambayo huku mtaani tunayachanganya: kazi moja inaisha upesi kiasi gani, na kazi ngapi zinaisha kwa saa.

Lakini kwa kununua, sisi tungeacha uwiano kabisa tukahesabu sekunde za kazi yenu. Kama Excel hiyo inatolewa mara 30 kwa siku na kubana ni mara moja jioni, A inakula sekunde 640 na B sekunde 380. B inashinda wazi. Kama ni mara moja moja, A ni 60 na B ni 90, A inashinda. Kaulizeni wahasibu wanatoa ripoti mara ngapi. Jibu lenu liko kwao.

SWALI: Kuna kampuni zilizowahi kudanganya kwenye vipimo hivi, au ni maneno ya vijiweni? *Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Yapo yaliyo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2018 wenye kipimo cha 3DMark waliziondoa simu kadhaa za Huawei kwenye orodha yao, baada ya kukuta zinalitambua jina la programu ya kupima na kufungua nguvu ambazo programu nyingine hazipewi. Mwaka 2024 SPEC walitia alama ya kutokubalika matokeo zaidi ya 2,600, kwa sababu kompaila ya Intel (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ilikuwa na mbinu iliyolenga programu moja ya kipimo na isiyofaa sana nje ya hapo. Kwa simu yako, pima kwa kitu ambacho hakijulikani kwa jina: video yako mwenyewe ya dakika 5 uibadilishe ukubwa, mara tatu mfululizo, saa mkononi.

SWALI: Tumekodi seva mtandaoni yenye "prosesa 2". Asubuhi programu yetu inaruka, mchana inajikokota, na wateja hawajaongezeka. *Msomaji, Mikocheni*

JIBU: Kwa wakodishaji wengi "prosesa" moja ni uzi mmoja, kwa hiyo 2 zenu huenda ni kiini kimoja mnachogawana na majirani wengine. Mchana mkiona uzito, andika `top` na utazame namba iliyo kando ya `st`. Hiyo ni asilimia ya muda ambao seva yenu ilitaka prosesa na prosesa ikawa kwa jirani. Ikikaa juu ya 5 kwa dakika nyingi, lalamikeni au hameni. Ikiwa 0, tafuteni kwingine. Kwenye mipango ya bei ndogo mara nyingi kuna akiba ya kasi inayoliwa mkizidisha matumizi, na ikiisha mnashushwa.

Mkusanye ushahidi: endesha `sysbench cpu --threads=1 --time=30 run` kila saa kwa siku tatu, mhifadhi idadi ya matukio kwa sekunde. Namba hiyo ilinganisheni ndani ya seva hiyohiyo tu. Sysbench inatafuta namba tasa, haigusi RAM karibu kabisa, na kati ya prosesa za familia tofauti, kama za Intel na za ARM, inaweza kuonesha pengo ambalo programu yenu haitaliona kamwe.

SWALI: Fundi aliniambia RAM moja ya gigabaiti 16 ni sawa na mbili za 8. Kweli? *Msomaji, Tegeta*

JIBU: Kwa ujazo ni sawa, kwa njia si sawa. RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2400 ikiwa moja inapitisha hadi gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Zikiwa mbili, kila moja kwenye njia yake, 38.4. Cinebench haitakuonesha tofauti kubwa kwa sababu kazi yake inatosha ndani ya kashe. `7z b` itakuonesha kwenye kubana, na michezo inayotumia grafiki za ndani ya prosesa itakuonesha zaidi. Kama nafasi ya pili iko wazi kwenye bodi yako, nunua ya ujazo na kasi ileile, uipime kabla na baada.